Gwaride la Mawe

Kwenye kaunta ya polisi Makambako watu huripoti kuibiwa pikipiki, simu, magunia ya mahindi, na mara mojamoja wake zao. Ijumaa ile ya Aprili, mvua ikiwa haijaamua kama inaacha au inaanza upya, Mzee Ambrosi Mwalongo wa Kitandililo aliripoti kuibiwa jiwe.

"Jiwe la thamani, mzee?" konstebo wa zamu aliuliza, kalamu mkononi.

"La kusagia."

Konstebo akaweka kalamu chini. Nyuma yake mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. "Mzee wangu, Makambako hii mawe yamejaa mpaka barabarani. Okota lolote, nani atakuuliza?"

Sajenti Feliciana Haule wa ofisi ya upelelezi alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Alimwona mzee amevaa koti la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Mtu havai koti la Jumapili siku ya Ijumaa ili aje kuwatania polisi. Akasimama.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu," mzee aliitikia, na sauti yake ikashuka kwa nafuu. Feliciana ni Mpangwa wa Ludewa, lakini miaka minne ya kazi kwa Wabena ilikuwa imemfundisha kwamba salamu hutangulia, maswali hufuata.

Alimkalisha kwenye benchi, akampa ile chai, akasikiliza. Jiwe lilikuwa la Yudita, marehemu mke wa mzee. Si lile la chini, zito, ambalo hukaa mahali pamoja miaka yote. Ni la juu, lile linaloshikwa kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameyaazimisha yote mawili kwa kikundi cha urithi cha Mwalimu Romanus, kilichofungua maonyesho ya vitu vya nyumbani kwenye ghala kuukuu karibu na reli. Wanafunzi walikuwa wanaletwa kwa zamu, wazee wakiwaeleza hiki ni nini na kile kilitumikaje, na jioni kunaimbwa nyimbo za mavuno. Kesho Jumamosi lori lingebeba kila kitu kwenda Njombe kwa siku ya kilele. Jana, saa kumi na moja jioni, mzee alirudi kutoka kunywa chai akakuta jiwe la chini liko peke yake kwenye mkeka.

"Na ukilikosa?" Feliciana aliuliza.

"Jumapili ni kumbukumbu yake, miaka miwili. Nilimwahidi kwamba ulezi wa siku hiyo hautapita mashineni, utasagwa kwenye jiwe lake." Mzee alikizungusha kikombe. "Nguo zake dada zake waligawana, kama ilivyo desturi. Vyombo walichukua mabinti. Jiwe lilibaki kwa sababu hakuna aliyelitaka. Mimi namtamani yule mwanamke, mwanangu, wala sioni haya kulisema. Sina kingine cha kushika."

Feliciana akamgeukia konstebo. "Andika. Jiwe moja, la kusagia. Na uandike vizuri."

*

Mwalimu Romanus alikuwa mstaafu wa aina ile isiyostaafu. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, orodha mbili mkononi, na jibu kabla ya swali.

"Afande, mwizi ninaye," alisema hata kabla ya kumkaribisha. "Jumanne alikuja mtu na gari jeupe kutoka Dar. Mnunuzi wa vitu vya kale. Alitaka kigoda cha Mzee Polikarpo, tukamkatalia, akaondoka amenuna. Kadi yake hii hapa."

Feliciana aliipokea kadi, akatoka nje kupiga simu. Mtu wa gari jeupe alikuwa Iringa tangu Jumatano asubuhi, na mpokea wageni wa nyumba aliyolala alithibitisha, akaongeza kwamba mgeni huyo analalamikia maji ya moto kila siku. Sajenti akarudi ndani, akamrudishia mwalimu kadi yake.

"Mnunuzi wa vigoda hahangaiki na jiwe, mwalimu. Mlinzi wako yuko wapi?"

Alfonsi alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umenyooka kupita kiasi. "Afande, jana sikubanduka hapa. Kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hata haja ndogo sikwenda."

Feliciana hakubishana naye. Alitazama suruali yake, iliyoloa tope jekundu mpaka magotini, wakati mbele ya ghala pote pamemwagwa kokoto. Akatazama kisu kifupi chembamba kilichochomekwa kiunoni.

"Ulanzi wako mwaka huu unatoa vizuri?"

Uso wa Alfonsi ukakunjuka. "Unatoa, afande! Mvua imesaidia. Naweka mbeta kumi na mbili za kukingia, zote zinajaa."

"Anakugemea nani?"

"Nagema mwenyewe. Ukimwachia mtu anakuharibia mianzi."

"Unagema asubuhi, na lini tena?"

"Na jio..." Mkono wa Alfonsi ukafunika kisu.

Kila mtu wa Njombe analijua hilo: mwanzi wa kugema pombe hukatwa kidogo asubuhi na kidogo jioni, na usipofika jioni moja, utomvu unafunga na mwanzi unakususia. Mwanzi haujui habari za maonyesho.

"Nilikwenda saa kumi," Alfonsi alisema akitazama kokoto. "Nusu saa tu. Mzee alikuwa kwenye chai, mwalimu alikuwa na wanafunzi kule nyuma. Nikasema nani ataiba vyungu?"

"Ukirudi ulikutana na nani njiani?"

"Sikukutana na mtu. Labda mama mmoja pale kwenye kona, mtu mzima, amebeba mjukuu mgongoni. Mvua ilikuwa inaanza. Nikamwambia, mama, mfunike mtoto kichwa, ataloa. Akaniambia ahsante."

"Miguu ya mtoto uliiona?"

Alfonsi akaketi polepole kwenye kizingiti na kushika kichwa. "Jamani," alisema. "Nimeliombea jiwe lisipate baridi."

*

Mwizi alikuwa mwanamke basi, wa makamo, na alikuja amejiandaa na kitenge. Lakini kwa nini jiwe, na kwa nini hilo, wakati pale pale kulikuwa na mengine sita? Feliciana aliomba daftari la wageni.

Madaftari ya wageni yana safu ya maoni, na hakuna binadamu aliyewahi kuisoma. Feliciana aliisoma yote. Maonyesho mazuri. Hongereni. Mungu awabariki. Choo kitazamwe. Jumanne, kwa mwandiko wa kuinama, Beatrisi Mgaya, mfumaji wa masweta, Njombe, alikuwa ameandika: Vizuri. Jumatano Beatrisi Mgaya huyo huyo alirudi, safari ya saa nzima kwa basi, akaandika: Kadi namba kumi na nne ichunguzwe upya. Alhamisi jina lake halikuwemo.

"Namba kumi na nne ni ipi?"

"Ni ya Mzee Ambrosi," Romanus alisema.

Kwenye mkeka wa kumi na nne jiwe la chini lilikuwa limelala na bonde lake katikati, laini, limechimbwa na miaka ya kusaga. Feliciana alipiga magoti, akapima upana wa bonde kwa mkono: shibiri moja na vidole viwili. Kisha akaomba picha alizopiga mwalimu siku ya ufunguzi. Kwenye simu jiwe la juu lilionekana limekaa juu ya mwenzake, na kadi imeegemezwa mbele. Kadi zote za maonyesho zilikuwa za kipimo kimoja. Alichukua moja, akaipima, akalinganisha na picha, akarudia.

"Mwalimu, njoo uone. Jiwe la juu husaga ndani ya bonde. Hili la kwenye picha limezidi bonde huku na huku, limekaa juu ya kingo. Hili halijawahi kusaga hapa hata kiganja kimoja cha ulezi."

Romanus alivaa miwani, akaivua. "Jumatatu tuliosha vitu vyote. Ni kanuni ya maonyesho, kila kitu kiwe safi. Ya chini ni mazito, tuliyaosha pale pale. Ya juu, yote saba, vijana wa kujitolea waliyakusanya kwenye beseni moja."

"Na kuyarudisha?"

"Waliyarudisha kwa rangi, na kwa kukadiria."

"Wenye mawe walikuwa hapa siku tatu. Hakuna hata mmoja aliyegundua?"

Mwalimu alizikunja orodha zake. "Walioyaleta ni wanaume, afande. Wenye mawe hasa walishafariki. Wangekuwa hai wasingetuazima."

Feliciana alilitazama lile jiwe pweke. Nje, Mzee Ambrosi alikuwa ameketi kwenye benchi na koti lake, anasubiri. Sajenti alipita mbele yake bila kumweleza lolote, akasema anakwenda Njombe na atarudi kabla ya saa kumi. Hakuwa na moyo wa kumwambia jambo ambalo hajalithibitisha.

*

Njombe ilikuwa na ukungu na baridi kama kawaida yake, na fremu ya Beatrisi Mgaya haikuwa mbali na soko. Mashine ya kufumia ilichukua nusu ya chumba, masweta ya shule ya kijani yalijaza nusu nyingine. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa uzi. Alimwona Feliciana mlangoni, akamtazama viatu, akasimamisha mashine.

"Wewe ni polisi."

"Ni polisi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Liko pale."

Jiwe lilikuwa juu ya kiti cha wateja, limefunikwa sweta la mtoto wa darasa la kwanza. Feliciana alibaki amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Uliliiba?"

"Nililichukua. Kwanza nilisema. Jumanne nilimwambia yule mwalimu kwamba jiwe la namba kumi na nne ni la mama yangu, akaniambia kadi zimeandikwa na kamati. Jumatano nikaandika kwenye daftari lao. Alhamisi nikachoka kusema."

"Jiwe la mama yako lilifikaje Makambako?"

"Ni kwao, Kitandililo. Kaka yangu Denis ndiye aliyelipeleka, kadi namba tisa. Mimi aliniambia hakuna kilichobaki. Kumbe lilikuwa linazuia mlango wa banda la kuku." Beatrisi alivua miwani, akaifuta na sweta. "Mama alipofariki nilikuwa Dar, nafanya kazi kwenye nyumba ya watu. Alizikwa Jumanne, nikafika Alhamisi. Nilikuta udongo umeshasawazishwa. Hata kumgusa mkono sikumgusa. Jumanne iliyopita nilikwenda kwenye maonyesho kutazama tu kama watu wengine. Nikayashika mawe moja moja mpaka nikafika hili, mikono ikakaa yenyewe. Afande, ilikuwa kama amenishika."

Feliciana aliinama, akaweka mikono yake pande mbili za jiwe. "Mahakamani watakuuliza umejuaje."

"Gumba la kulia liko wapi?"

Gumba la kulia la Feliciana lilikuwa limezama kwenye kishimo laini, kimelika na kung'aa. La kushoto lilikuwa limekaa kwenye jiwe la kukwaruza, lisilolika kabisa.

"Mama hakuwa na gumba la kushoto," Beatrisi alisema. "Lilikwenda na shoka akiwa msichana."

Sajenti aligusa tena upande wa kulia, kisha wa kushoto, akaandika kwenye kijitabu chake. Akampigia simu Denis, akamweleza. Denis alicheka kwa mshangao. "Jiwe? Afande, dada achukue tu, kwani linaliwa?" Feliciana aliandika na hilo pia.

"Funga fremu, mama. Tunakwenda Makambako, na jiwe lako ulibebe mwenyewe. Kuna mzee anasubiri, na nitahitaji mtu anayejua kusaga."

*

Kumwambia Mzee Ambrosi kulikuwa kugumu kuliko kumhoji jambazi. Feliciana alimwambia kwa ufupi, amepiga magoti mbele yake ili asimwangalie kutoka juu. Jiwe lililoibwa halikuwa la Yudita. La Yudita huenda halijaibwa kabisa, limo humu humu ghalani, chini ya kadi ya mtu mwingine.

Mzee alimtazama Beatrisi, akalitazama jiwe lililokuwa mikononi mwake, akautazama mkeka.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimesimama hapa nikiwaambia watoto wa watu, tazameni mikono ya mke wangu ilipopita. Hata padri nilimwambia."

"Hukujua, baba."

"Ndicho kinachoniuma. Nimekula ugali wa yule mwanamke miaka hamsini na moja." Machozi yalimjaa machoni, na hakuyafuta.

Kwa rula ya mwalimu Feliciana alipima mawe sita yaliyobaki dhidi ya lile bonde. Mawili yalikuwa mapana mno, hata lile la kadi namba tisa, akayaondoa. Manne yalikaa vizuri, yote ya kijivu, yote ya ukubwa mmoja, na yote hayakuwa na la kusema.

"La Yudita lilikuwa na alama?" aliuliza.

"Sijui."

"Lilikuwa zito kuliko mengine? Limepasuka mahali?"

"Mwanangu, zamani zetu mwanaume akionekana kashika jiwe la mkewe, kijiji kizima kinamcheka. Mimi nilikuwa naona unga. Jiwe sikuliona."

Romanus aliguna kwa huruma. Alfonsi, aliyekuwa anajitahidi kuwa mlinzi bora kuliko wote mkoani, aliinamisha kichwa. Lori la kesho lilikuwa limeshaegeshwa nje. Kama jiwe lisingepatikana leo, Jumapili ulezi ungesagwa kwa jiwe lolote au usingesagwa, na mzee angerudi nyumbani na ahadi yake mkononi.

Feliciana aliketi kwenye ukingo wa mkeka. "Alikuwa anasagia wapi, baba?"

"Jikoni, nyuma ya ukuta wa chumba chetu. Anaamka kabla ya jogoo, anasaga ya siku nzima. Mimi bado niko kitandani, nasikia tu..."

Feliciana alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu, nipe chaki. Alfonsi, ulezi upo?"

"Upo kwenye ungo wa maonyesho, afande, lakini hauruhusiwi kugusw..."

"Ulete."

Sheria ya gwaride la utambuzi ni kwamba shahidi asidokezwe, na Feliciana aliisimamia kama ambavyo angeisimamia kwa watuhumiwa wa ujambazi. Alimketisha mzee kwenye kiti, uso ukutani, mgongo kwa mkeka. Aliyaandika mawe kwa chaki, moja hadi nne, akayabadilisha mpangilio ili hata Romanus asijue lipi limetoka kadi ipi. Akawaonya wote: hakuna kukohoa, hakuna kuguna, hakuna kusema jaribu hili. Mwalimu angeandika majibu. Beatrisi alivua viatu, akaliweka jiwe la mama yake pembeni, akapiga magoti nyuma ya jiwe la chini la Yudita.

"La kwanza," Feliciana alisema.

Ulezi ulimwagika kwa mnong'ono. Beatrisi alisukuma, akavuta, akasukuma. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Siyo," mzee alisema bila kugeuka. "Hilo linakoroma."

Romanus akaandika.

La pili lilikuwa jepesi, linateleza. Mzee alilisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja, mpaka Alfonsi akaanza kubadilisha miguu. "Linakaribia," alisema hatimaye. "Lakini siyo. Hilo ni la mtu mwenye haraka."

Beatrisi alifuta jiwe la chini kwa kiganja, akachukua la tatu.

Lilikwenda mbele kwa sauti ndefu, tulivu. Lakini liliporudi, kabla ya kufika mwisho, liligonga kidogo, mara moja, mahali ambapo pembe yake ilikuwa imemeguka, ndipo likaburura. Mbele, likagonga, likaburura. Mbele, likagonga, likaburura. Beatrisi alilegeza mabega, akaufuata mwendo wa jiwe badala ya wake, na unga wa kwanza, wa rangi ya udongo, ukaanza kushuka ukingoni.

Romanus alisubiri na kalamu yake, akamtazama Feliciana. Feliciana aliinua mkono asiandike. Mikono ya mzee, iliyokuwa juu ya magoti, ilikuwa imefunguka. Alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kola ya koti la kanisani, na uso wake ulikuwa wa mtu asiye na umri.

Beatrisi aliona ukimya umekuwa mrefu, akadhani wamemaliza. Akasimamisha jiwe, akanyoosha mkono kuchukua la nne.

"Usiache, mama," mzee alisema, uso bado ukutani. "Saga. Saga kidogo tu. Bado sijaamka."